UZI: Tumepewa projekti ya kutengeneza video ya wimbo, wiki sita, kamera siku mbili tu. Tunaanzia wapi wakuu?

#1 mwaka_wa_pili
Wakuu habari za muda huu. Nipo chuo, grupu letu tupo wanne, tumepewa asaimenti ya kutengeneza video ya wimbo kuanzia wazo mpaka faili la mwisho pamoja na ripoti ya kueleza kwanini tuliamua tulivyoamua. Muda ni wiki sita. Wimbo tunao, ni wa jamaa yetu wa humuhumu darasani, dakika 3 na sekunde 12, ngoma ya taratibu, anaimba kuhusu mtu aliyesema anarudi na hajarudi na yeye bado yupo palepale anamsubiri. Kamera tunaazima ya chuo kwa siku mbili tu, zaidi ya hapo ni simu zetu.

Jana tulikaa tukaandika wazo. Jamaa anaamka, anaenda stendi ya mabasi, anakumbuka walivyokuwa ufukweni, halafu klabu, halafu hospitali (hiyo ni ndoto), halafu juu ya ghorofa usiku mji unawaka, halafu ajali, halafu harusi ya huyo mtu na mwingine. Ukihesabu lokesheni zinafika 11. Na mmoja wetu anataka droni. Mimi moyoni naona tunajimaliza ila sina hoja ya kuwaambia wenzangu, kila mtu ameshaipenda sehemu yake. Naombeni mwongozo kwa mliopita huko, hata mkitukana sawa ila mnisaidie.

#2 shoti_moja
Ajali, hospitali na harusi ndani ya dakika tatu. Huo sio wimbo mkuu, hiyo ni taarifa ya habari.

#3 fundi_taa
Mdogo wangu usiwabishie wenzako kwa maneno, wabishie kwa saa. Chukua karatasi. Siku moja ya kushuti ni masaa kumi, ukizidisha hapo watu wanaanza kununiana na kazi inaoza. Toa saa moja ya kupanga vyombo asubuhi, toa saa moja ya kula na kupumzika, yamebaki nane. Kila ukihamisha kamera na taa kwenda pembe nyingine, kwa wanafunzi weka dakika 20 na hapo nimekuonea huruma. Masaa nane gawa kwa dakika 20 ni pembe 24. Hapo hujahama lokesheni hata moja. Kuhama lokesheni ni kufungasha, kusafiri, kufungua, kugundua kuna waya umesahaulika kule mlikotoka, piga saa moja na nusu kila safari. Lokesheni 11 kwa siku mbili ni safari tisa za mchana ukiacha ile ya usiku, tayari masaa 13 na ushee yameishia barabarani kati ya masaa 20 mliyonayo. Waonyeshe hiyo hesabu tu, nyamaza, waache wapige kelele wenyewe.

Mimi grupu letu tulifanya ujinga huohuo, tulikuwa na lokesheni sita, tukarudi na nzuri mbili na nne za kukimbia kimbia mpaka leo nikiiangalia ile video najua pale jua lilikuwa linazama na dairekta analia chooni. Dairekta nilikuwa mimi.

#4 kinasa_sauti
Kabla ya lokesheni, kabla ya wazo, kabla ya yote: huo wimbo UMEISHA? Namaanisha miksi ya mwisho imetoka, masta (lile faili la mwisho la wimbo) ipo, hakuna mtu anarudi studio "kurekebisha kidogo tu"? Sisi msanii alikata intro baa nne (vipande vya mapigo manne manne) baada ya sisi kushuti, akaongeza spidi ya ngoma kidogo eti ilikuwa inalala. Kila shoti ya kuimba ikawa takataka, mdomo huku maneno kule. Mwambieni jamaa yenu asaini hata kwenye daftari kwamba hii ndiyo yenyewe. Mchukue faili la WAV (sauti isiyobanwa), na hilohilo ndilo litumike kupigia siku ya kushuti na hilohilo ndilo liwekwe kwenye kuediti. Msitumie MP3 huku na WAV kule, MP3 inaongeza kimya kidogo pale mwanzoni na mtakuja kutafuta mchawi.

Swali la pili, biti (ule muziki anaouimbia) ni ya nani? Kaipiga mwenyewe au kaitoa mtandaoni?

#5 mwaka_wa_pili
@kinasa_sauti dah kaitoa mtandaoni, anasema kalipia. Ngoma ina spidi ya biti 100 kwa dakika.

#6 kinasa_sauti
"Kalipia" ina maana nyingi. Nyingi ya hizo biti unakodishiwa tu, mwenye biti anakuuzia ruhusa yenye masharti, na huenda kawauzia wengine ishirini. Mwambie afungue ule mkataba asome kama video inaruhusiwa na mwisho wake ni wapi. Wimbo una haki mbili ndani yake, ya utunzi na ya ile rekodi yenyewe, na kuweka picha juu yake ni ruhusa ya peke yake. Kuonyesha darasani ni jambo moja, kupandisha YouTube ni jambo jingine, kule mashine yenyewe inatambua sauti na kuikamata hata kama wewe ni mwanafunzi mpole. Mkimaliza hiyo weka nakala kwenye ripoti, wasimamizi wanapenda sana kuona mwanafunzi aliyewaza ruhusa. Na kila anayeonekana sura kwenye video asaini fomu ya kukubali, akiwa chini ya miaka 18 asaini mzazi.

Ila biti 100 kwa dakika nimecheka kwa furaha. Mkishuti na kuediti kwa fremu 25 kwa sekunde (yaani picha 25), biti moja, hapa namaanisha pigo moja la ngoma, inakuwa fremu 15 kamili bila chenji. Baa moja ya biti nne ni fremu 60. Na dakika 3 na sekunde 12 ni sekunde 192, gawa kwa 2.4, ni baa 80 kwenye pua. Mungu kawapenda.

#7 shoti_moja
Sisi wengine hesabu ndio ilitukimbizia huku kwenye sanaa na bado imetufuata.

#8 mama_klapa
Mwanangu @mwaka_wa_pili hizo baa 80 alizokupa mkaka hapo juu ndizo karatasi yako ya kazi. Chora jedwali lenye mistari 80. Safu ya kwanza namba ya baa, ya pili muda wake, ya tatu maneno yanayoimbwa hapo, ya nne kinachoonekana. Jaza tatu za kwanza leo hii hata kabla hamjajua wazo. Utashangaa, ukishaona wimbo umelala kwenye karatasi unaanza kuona wenyewe unataka nini, wapi pana kimya, wapi ngoma inadondoka, wapi maneno yanajirudia mara nne na ukionyesha kitu kilekile mara nne mtazamaji anakuacha.

Ndiyo maana nyie mmefika lokesheni 11. Mmeanza na "tuonyeshe nini" wakati wimbo hamjausikiliza. Kaeni wote wanne mzime taa muusikilize mara tano bila kuongea, kila mtu aandike picha moja tu. Sio hadithi. Picha moja.

#9 kona_ya_nadharia
Kwa ajili ya ripoti: kuna msomi anaitwa Andrew Goodwin, aliandika mwaka 1992 kuhusu video za muziki, ni wa kutajwa sana kwenye kozi hizi. Hoja yake moja itakufaa, kwamba picha ina njia tatu za kukaa na maneno ya wimbo. Inaweza kuyaonyesha yalivyo (anaimba mvua unaona mvua), inaweza kuyakuza kwa kuongeza maana ambayo maneno hayakuisema, au inaweza kwenda kinyume nayo kabisa. Lile wazo lenu la stendi na harusi ni ile ya kwanza, kuonyesha tu, ndio maana linahitaji vitu vingi, maana kila neno linadai picha yake. Njia ya pili na ya tatu huwa na vitu vichache sana.

#10 droni_oyee
Jamani mnawakatisha tamaa vijana. Droni inapandisha video levo nyingine kabisa, shoti moja tu ya juu watu wanasema wow. Mimi ningeweka.

#11 fundi_taa
@droni_oyee wow ya nini? Jamaa amekaa anasubiri mtu. Ukimwangalia kutoka angani utaona kichwa na mabati. Halafu nchi nyingi droni ina sheria zake, usajili, sehemu za kurusha, vibali, wiki mbili zimeondoka unafukuzia karatasi ya shoti ya sekunde tatu.

#12 mwaka_wa_pili
Wakuu nimerudi, wiki imepita. Hesabu ya masaa nimewaonyesha nikanyamaza kama nilivyoelekezwa. Walibishana dakika 40 wakaliua lile wazo wenyewe. Zoezi la @mama_klapa tumelifanya, taa tumezima, na kati ya picha nne zilizoandikwa mbili zilikuwa kiti. Kiti tu. Nikasisimka kwa kweli.

Wazo jipya: chumba kimoja. Jamaa amekaa kwenye kiti anaimba kwamba bado yupo, hajaondoka, kila kitu kiko kama ulivyokiacha. Ila kila kiitikio kikipita vitu chumbani vimepungua. Kwanza zulia, halafu pazia, halafu kabati, picha ukutani, kitanda. Yeye hashtuki anaendelea kuimba kila kitu kipo. Mwisho kabaki na kiti kwenye chumba kitupu. Beti la mwisho yupo uwanjani kwenye nyasi, mbali, na kiti chake, kuta zenyewe hazipo. Lokesheni mbili. Naona ni ile ya kwenda kinyume ya @kona_ya_nadharia.

Chunguzeni.

#13 shoti_moja
Sasa hii nataka kuiona.

#14 mama_klapa
Umenipata mwanangu. Sasa sikiliza mtego wake. Kwa kawaida tunashuti kwa pembe, unaweka kamera mlangoni unamaliza kila kinachoonekana kutokea mlangoni, ndipo unahama. Ninyi hamuwezi. Vitu vikishatoka hamtavirudisha sawasawa palepale, pazia litakuwa na mkunjo mwingine, kabati litakuwa limesogea inchi mbili. Kwa hiyo mnashuti kwa mpangilio wa kupungua: chumba kimejaa, pembe ZOTE za hatua hiyo, mnakagua, ndipo kinatoka kitu. Mna hatua sita. Pembe nne kila hatua, ni 24, na fundi kakwambia siku nzima ni pembe 24. Inaingia lakini haina nafasi ya kuchezea. Punguzeni hatua mbili za katikati ziwe na pembe mbili mbili.

Weka mtu mmoja kazi yake ni kupiga picha za simu za kila kona kabla na baada ya kila kitu kutoka. Hafanyi kingine. Asiwe anashika taa, asiwe anatafuta maji.

#15 fundi_taa
Na taa chumbani msitegemee dirisha, jua linatembea, asubuhi liko kwenye kabati jioni liko usoni kwa jamaa, wakati kwenye wimbo ni dakika tatu. Zibeni dirisha kwa nje na kitambaa cheupe muweke taa nje ipige hapo, iwe jua lenu lisilozama. Kama umeme wenu ni wa 50 Hz, taa nyingi za kawaida zinapepesa mara 100 kwa sekunde hata kama jicho halioni, kwa hiyo spidi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu) iwe 1/50 ya sekunde kwa fremu 25 na mtakuwa salama. Kwenye umeme wa 60 Hz nenda 1/60. Rangi ya mwanga funga kwa mkono, usiache kamera ijiamulie, kwa sababu kila zulia na pazia likitoka kamera itajirekebisha yenyewe na chumba kitabadilika rangi kila baa.

#16 kinasa_sauti
Mambo ya kuimba siku yenyewe. Tengeneza nakala ya wimbo yenye baa mbili za "pii pii pii" mwanzoni ili jamaa ajue anaingia wapi. Spika iwe na sauti ya kutosha na jamaa AIMBE kweli, kwa sauti, sio kuchezesha mdomo kama samaki. Shingo ya mtu anayeimba inafanya kazi, kifua kinapanda, mtazamaji hajui kwanini ila akiona mtu anachezesha midomo tu anajua anadanganywa. Kamera irekodi sauti ya chumba hata kama mtaitupa, hiyo ndiyo programu ya kuediti itatumia kulinganisha na masta.

Na kabla ya shoti yoyote ya ufundi, pigeni wimbo wote mwanzo mpaka mwisho kwa mbali, kwa kati na kwa karibu, mara mbili kila moja. Ni dakika 19 na kidogo tu za picha. Hiyo ndiyo bima yenu. Kwenu nyie ifanyeni chumba kikiwa kimejaa na tena kikiwa kitupu.

#17 mwaka_wa_pili
Tunataka pia kiitikio cha mwisho jamaa anaimba mdomo sawa na wimbo lakini kila kitu kinakwenda polepole kama yupo majini. Ile inafanywaje?

#18 kinasa_sauti
Unashuti fremu 50 kwa sekunde huku wimbo unapigwa spidi mara mbili, jamaa anaimba harakaharaka kama kichaa. Kwenye kuediti unaipunguza iwe 25, mdomo unarudi sawa na wimbo na mwili unaelea. Shata hapo 1/100. Afanye mazoezi nyumbani siku kadhaa maana maneno ya spidi mara mbili ulimi unagoma. Akishindwa kabisa kuna njia ya upole, fremu 30 na wimbo kwa asilimia 120, inaelea kidogo tu lakini inaelea. Angalizo, kamera nyingi ukiziweka modi ya slomosheni hazirekodi sauti, kwa hiyo mtu apige makofi mbele ya kamera sambamba na pii ya mwisho, makofi mtayaona hata kama hamyasikii.

#19 simu_tupu
Ambao watatumia simu kama kamera ya pili: weka modi ya ndege, mimi shangazi alipiga katikati ya shoti nzuri kuliko zote na rekodi ikakata. Funga fokasi na mwanga kwa kushikilia kidole kwenye skrini. Futa lenzi!! Halafu simu nyingi hazirekodi fremu sawasawa, saa nyingine 29 saa nyingine 30 na kitu, kwa hiyo ukileta kwenye laptopu mdomo unaanza sawa unaishia umepotea. Pitisha kwanza kwenye HandBrake (programu ya kubadilisha faili za video) uchague fremu zisizobadilika ndipo uediti.

#20 mama_klapa
Na memori kadi. Kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula GB 45. Kadi ya GB 64 haifiki hata saa moja na nusu. Jioni hamlali mpaka nakala ziwe sehemu mbili tofauti na mmezifungua kuona zinacheza. Kadi haifutwi kwa sababu mtu kasema "nilishahamisha". Nani kahamisha, wapi, nionyeshe.

#21 mwaka_wa_pili
Wakuu TUMESHUTI. Siku ya chumba tumeanza saa moja asubuhi tumetoka saa mbili usiku, hayo masaa kumi ya fundi tumeyapita na kununiana kulikuwepo kama alivyosema. Ile dirisha ya kitambaa cheupe imetuokoa vibaya mno, mwanga ni uleule mwanzo mwisho. Jamaa spidi mara mbili aliiweza mara ya saba.

Kuna kitu kimoja tuligundua kama saa tatu ndani ya kazi, ukutani kuna saa na inatembea. Hakuna aliyewaza. Shoti za kwanza inasema saa mbili na nusu, za mbele yake karibu saa nne. Mpiga picha wetu wa kona ndiye aliyeona, tukatoa betri ikaganda saa nne na dakika kumi. Zile za mwanzo tumesema tutazikata kwa kusogeza picha ndani isionekane.

Siku ya pili uwanjani kumeenda vizuri, tumetumia lenzi ndefu, kamera mbali kabisa, kama mita 40, jamaa na kiti chake katikati ya nyasi, inauma roho kwa uzuri.

TATIZO sasa. Za chumbani zote programu imelinganisha sauti yenyewe na mdomo umekaa. Za uwanjani imelinganisha vilevile, mawimbi ya sauti yanalingana kabisa kwenye skrini, ila mdomo unatangulia maneno. Kidogo sana lakini ukishaona huwezi kutoona. Spika ilikuwa ya bluetooth pembeni ya jamaa. Tumekosea wapi?

#22 droni_oyee
Bluetooth hiyo. Bluetooth inachelewesha sauti, inajulikana.

#23 kinasa_sauti
@droni_oyee inachelewesha kweli lakini sio mhalifu hapa. Jamaa anaifuata spika ileile na kamera inasikia spika ileile, ikichelewa inachelewa kwa wote, hasara haipo. Ingekuwa shida kama jamaa angekuwa anasikia kwa hedifoni na kamera inasikia spika.

@mwaka_wa_pili jibu kwanza: mdomo unatangulia kiasi kilekile mwanzo wa shoti na mwisho wake, au unazidi kadiri shoti inavyokwenda?

#24 mwaka_wa_pili
Kiasi kilekile. Shoti ndefu kuliko zote ni dakika nzima na mwisho ni sawa na mwanzo.

#25 kinasa_sauti
Basi sio zile fremu za kubadilika za @simu_tupu, hizo huzidi. Yenu ni umbali. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, picha inafika papo hapo. Kwa fremu 25, fremu moja ni sekunde 0.04, sauti inasafiri karibu mita 14 tu humo. Kamera ilikuwa mita 40 kutoka kwenye spika, kwa hiyo maikrofoni ya kamera ilisikia wimbo fremu tatu baada ya mdomo kufunguka. Programu haioni mdomo, inaona mawimbi ya sauti, ikachukua ile sauti iliyochelewa ikaipandisha juu ya masta na picha ikavutwa mbele nayo. Mawimbi yanalingana, ndio, na ndiyo yaliyowadanganya.

Chukua kila shoti ya uwanjani, usiguse wimbo, isogeze picha ichelewe fremu tatu. Angalia herufi za P, B na M, midomo inafunga kabisa, hapo huwezi kujidanganya.

#26 mwaka_wa_pili
Fremu tatu. Imekaa kama ilizaliwa hapo. Aisee nimesimama peke yangu chumbani nikapiga makofi.

#27 kona_ya_nadharia
Hiyo iandike kwenye ripoti na mchoro, kabla na baada. Ripoti nyingi zinasema "tulikutana na changamoto ya sauti tukaitatua", msimamizi amesoma sentensi hiyo mara elfu. Yako ina namba na sababu. Weka pia picha ya lile wazo la lokesheni 11 kama lilivyokuwa, usilionee aibu, uliwaza ukabadilika na sababu unayo.

#28 mwaka_wa_pili
Linaingia. Swali la kuediti, tunakata kwenye biti kila mara? Tumefanya hivyo na inachosha.

#29 mama_klapa
Inachosha kwa sababu jicho limeshajua lini utakata. Wimbo wenyewe ni wa mtu anasubiri, mwache asubiri. Beti la kwanza shoti ikae baa mbili, tatu, nne hata, mtazamaji aanze kujiuliza. Kiitikio ndipo ukate kwa baa, na kata nyingine zitangulie biti fremu mbili au tatu. Nyingine zikate kwenye pumzi yake, pale anapovuta hewa kabla ya mstari, hizo ndizo tamu kuliko zote na biti hazijui. Na kitu kinapotoka chumbani usitoe kwenye kata, utamfundisha mtazamaji. Toa wakati upo karibu na uso, ukirudi mbali kabati halipo, ajishangae mwenyewe lini limeondoka.

#30 shoti_moja
Mama klapa wewe ni hatari. Mimi ningekuwa darasani kwako ningehudhuria.

#31 fundi_taa
Za kumalizia harakaharaka: rangi ziwekwe sawa kwanza kati ya shoti na shoti, ndipo mtafute mvuto. Toa kwa fremu 25 kama mlivyoshuti, sauti ya masta isiguswe. Angalieni kwenye simu, kwenye laptopu na kwenye skrini kubwa ya darasani siku moja kabla, projekta nyingi zinaua giza na chumba chenu kitupu kitakuwa ukuta mweusi.

#32 mwaka_wa_pili
Wakuu imebaki siku mbili. Projekta tumeipima, kweli ilikuwa inaua, tumepandisha vivuli kidogo. Nimepandisha kopi ya kuangalia, niwekeeni macho mara ya mwisho kabla sijatoa ile ya kukabidhi. Mkataba wa biti tumeusoma, darasani ruksa, mtandaoni jamaa anaongeza malipo kwanza kwa hiyo link ni ya siri msisambaze tafadhali.

#33 droni_oyee
Nimeiangalia mara mbili. Haikuhitaji droni. Nimesema.

#34 kinasa_sauti
Mdomo uwanjani umekaa. Kiitikio cha majini kimekaa. Nimefurahi sana.

#35 simu_tupu
Kabati limeondoka lini??? Nimerudisha nyuma mara tatu.

#36 mama_klapa
Nzuri mwanangu, hongereni wote wanne. Sasa nenda sekunde ya 41. Kioo cha kabati, kona ya juu kulia.

#37 mwaka_wa_pili
Naenda

#38 mwaka_wa_pili
Saa mbili na nusu. Ipo kwenye kioo. Saa mbili na nusu imetulia tuli. Ngoja niwaamshe wenzangu.